Maswali na Majibu: Familia ya Kiyahudi Iliyokimbilia Afrika Mashariki, 1938–1947

Marejeo haya ni ya mtahiniwa wa Historia wa Moshi aliyekwisha soma mada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hayarudii mada yote. Yanashika sehemu inayopoteza alama nyingi: wakimbizi wa Ulaya waliofika Afrika Mashariki, walikotoka, na ndugu waliobaki nyuma. Funika jibu kwa karatasi, andika la kwako, ndipo ulinganishe.

SEHEMU A: ISTILAHI

1. Eleza maana ya Maangamizi Makuu ya Wayahudi. (Alama 2)

Jibu: Maangamizi Makuu ya Wayahudi, au Holokosti, ni mauaji yaliyopangwa na kutekelezwa na serikali ya Wanazi wa Ujerumani na washirika wake dhidi ya Wayahudi wa Ulaya, ambamo Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa.

Alama ya kwanza ni ya "yaliyopangwa na serikali". Alama ya pili ni ya walengwa na idadi yao. Anayeandika kwamba Wayahudi "walikufa vitani" hapati kitu. Hawa walikuwa raia wasio na silaha, wazee na watoto wachanga wakiwamo, na waliuawa kwa amri.

2. Tofautisha mkimbizi, mfungwa wa kizuizini na manusura. (Alama 3)

Jibu: Mkimbizi ni mtu aliyeihama nchi yake kwa kuhofia uhai wake. Mfungwa wa kizuizini ni mtu anayezuiliwa bila kushtakiwa kwa kosa, mara nyingi kwa sababu ya uraia wake wakati wa vita. Manusura ni mtu aliyelengwa na mateso au mauaji, akabaki hai.

Angalia: mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu. Myahudi wa Ujerumani aliyefika Kenya 1938 alikuwa mkimbizi, mwaka 1939 akawa mfungwa wa kizuizini, na 1945 akahesabiwa manusura. Makumbusho ya Holokosti ya Washington na Yad Vashem ya Jerusalem huwahesabu pia manusura wale waliowahi kukimbia. Usiwaondoe katika jibu lako kwa kuwa hawakuingia kambini.

3. Tofautisha aina nne za kambi za kipindi hiki, na kwa kila aina utoe mfano mmoja. (Alama 8)

Jibu:
(a) Kambi ya mateso: mahali pa kuwafunga watu bila hukumu, kuwafanyisha kazi ngumu na kuwatesa hadi wengi kufa. Mfano: Sachsenhausen, karibu na Berlin.
(b) Kambi ya maangamizi: mahali palipojengwa kwa ajili ya kuua watu kwa wingi, hasa kwa gesi ya sumu. Mfano: Treblinka, katika Poland iliyotekwa. Auschwitz-Birkenau ilikuwa kambi ya mateso na ya maangamizi kwa pamoja. Watu wapatao milioni 1.1 waliuawa humo, na karibu milioni 1 kati yao walikuwa Wayahudi.
(c) Kambi ya kizuizini: mahali pa kuwazuia raia wa nchi adui au watu walioshukiwa na serikali. Mfano: Gilgil, Kenya, ambako Waingereza waliwazuia wanamgambo wa Kiyahudi kutoka Palestina mwaka 1947 hadi 1948.
(d) Kambi ya wakimbizi: mahali pa kuwahifadhi watu waliopoteza makazi. Mfano: Tengeru, kando ya barabara ya Moshi–Arusha.

Neno "kambi" likiandikwa peke yake halina alama. Mtahiniwa anayeandika kwamba Wapolandi "waliteswa katika kambi ya Tengeru" amechanganya (a) na (d), na amewasingizia wenyeji wa Meru jambo ambalo halikutokea.

SEHEMU B: SABABU NA VIKWAZO

4. Taja hatua nne za serikali ya Wanazi zilizowalazimisha Wayahudi kuihama Ujerumani. (Alama 4)

Jibu:
(i) 1933: kufukuzwa katika utumishi wa umma, na kubanwa katika uwakili, udaktari na ualimu.
(ii) Septemba 1935: Sheria za Nuremberg zilizowanyang'anya haki za uraia na kukataza ndoa kati yao na Wajerumani wengine.
(iii) Kunyang'anywa mali. Aliyehama alitozwa kodi ya robo ya mali yake na kuruhusiwa kutoka na mark 10 tu taslimu.
(iv) Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938: masinagogi yalichomwa, maduka yakavunjwa, na wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakapelekwa kambi za mateso.

Oktoba 1941 serikali ileile ilipiga marufuku Wayahudi kuhama. Tarehe hii ishike. Kabla yake walisukumwa watoke; baada yake walizuiwa wasitoke, na treni za kuwapeleka mashariki zikaanza kuondoka katika miji ya Ujerumani.

5. Mkutano wa Evian wa Julai 1938 ulihusu nini, na matokeo yake yalikuwa yapi? (Alama 2)

Jibu: Mataifa 32 yalikutana Ufaransa kujadili wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria. Karibu yote yalikataa kuongeza nafasi za kuwapokea, isipokuwa Jamhuri ya Dominika.

6. "Tatizo la mkimbizi wa Kiyahudi halikuwa nauli, lilikuwa karatasi." Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu. (Alama 6)

Jibu: Kwanza, kila koloni lilidai kibali cha kuingia, na serikali ya Kenya ilidai dhamana ya fedha kwa kila mhamiaji ili asije kuwa mzigo. Mtu aliyetoka Ujerumani na mark 10 hakuwa nayo. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, iliyokuwa na sinagogi lake tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwadhamini baadhi.

Pili, serikali za kikoloni zilitaka wakulima wenye mtaji. Mwanasheria wa Kijerumani alikuwa na shahada isiyotumika mahali palipohukumiwa kwa sheria za Kiingereza. Alipokelewa kama msimamizi wa shamba la mtu mwingine au hakupokelewa kabisa.

Tatu, milango mingine ya Waingereza ilifungwa. Waraka wa serikali ya Uingereza wa Mei 1939 uliweka kikomo cha Wayahudi 75,000 kuingia Palestina kwa miaka mitano. Desemba 1940, Wayahudi wapatao 1,580 waliofika Haifa kwa meli walihamishiwa Mauritius na kufungwa katika gereza la Beau Bassin hadi 1945. Zaidi ya 120 walifia huko.

Hoja ya tatu ina nguvu kuliko zote kwa sababu ina mwaka, idadi na mahali. Watahiniwa wengi huiruka. Isome mara mbili.

7. Chagua jibu sahihi. Ardhi iliyopendekezwa na Uingereza kwa Wazayuni mwaka 1903, ikajulikana kama Mpango wa Uganda, sasa iko katika nchi gani? (Alama 1)
A. Uganda B. Tanzania C. Kenya D. Sudan Kusini

Jibu: C. Ni Uasin Gishu. Jina la mpango ni mtego. Wazayuni waliukataa mpango huo mwaka 1905.

8. Eleza kwa nini mteremko wa Kilimanjaro haukuwa kimbilio la utulivu kwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani kabla ya Septemba 1939. (Alama 4)

Jibu:
(i) Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925. Kufikia 1939 walikuwa karibu 3,000, wengi wao walowezi wa kahawa na mkonge wa Kilimanjaro, Meru, Oldeani, Usambara na nyanda za Iringa.
(ii) Chama cha Nazi kilikuwa na wanachama na matawi miongoni mwao, chini ya kiongozi aliyeitwa Ernst Troost. Myahudi aliyefika Moshi angeweza kuikuta bendera aliyoikimbia.
(iii) Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Ushirika wa Mataifa, na Hitler alidai koloni za zamani zirudishwe. Mwaka 1938 walowezi wa Kiingereza waliunda chama cha kupinga jambo hilo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli.
(iv) Vita ilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, wanaume wa Kijerumani walikamatwa, mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na baadaye wengi walipelekwa Rhodesia Kusini na Afrika Kusini au kurudishwa kwao.

Usiandike kwamba kila Mjerumani wa Moshi alikuwa Mnazi. Waingereza walikamata kwa kuangalia uraia. Wamisionari wengi wa Leipzig, ambao shirika lao lilikuwa Kilimanjaro tangu 1893, waliondolewa kwa kanuni hiyohiyo.

SEHEMU C: FAMILIA YA ZWEIG

Hapa ndipo kiini cha mada. Majina, miaka na mahali vishikwe kama vilivyo.

9. Stefanie Zweig alikuwa nani? (Alama 3)

Jibu: Stefanie Zweig alikuwa mwandishi wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyezaliwa mwaka 1932 Leobschütz, mji ambao leo uko Poland. Mwaka 1938 familia yake iliikimbia Ujerumani ikaenda Kenya. Baba yake, Walter Zweig, alikuwa mwanasheria, na Kenya akawa mfanyakazi wa shambani. Stefanie aliandika riwaya ya Nirgendwo in Afrika, iliyotoka 1995 na kutengenezewa filamu na Caroline Link mwaka 2001. Filamu hiyo, yenye mazungumzo mengi ya Kiswahili, ilipata Tuzo ya Oscar mwaka 2003. Zweig alifariki Frankfurt mwaka 2014.

Tahadhari: Rongai inayotajwa katika riwaya ni ya Bonde la Ufa, Kenya, upande wa Nakuru. Usiichanganye na Rongai ya Rombo, ingawa hiyo ya Rombo unaijua zaidi.

10. Kwa nini Waingereza waliwaweka kizuizini Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler? (Alama 3)

Jibu: Kwa sababu pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani. Sheria ya vita iliangalia uraia, haikuangalia aliyeteswa wala aliyetesa. Riwaya na filamu zinaonesha wanaume wakipelekwa kambini na wanawake na watoto wakiwekwa hotelini Nairobi. Wakimbizi wa Kiyahudi waliachiliwa baadaye, walipothibitika kuwa si wafuasi wa Nazi.

Nyongeza ya alama ya ziada: Novemba 25, 1941, Ujerumani iliwavua uraia Wayahudi wote waliokuwa nje ya nchi. Kwa hiyo mtu aliyezuiliwa 1939 kwa kuwa Mjerumani, miaka miwili baadaye hakuwa na nchi yoyote.

11. Eleza namna familia zilizokuwa Afrika Mashariki zilivyowasiliana na ndugu waliobaki Ujerumani wakati wa vita. (Alama 4)

Jibu: Posta ya kawaida kati ya nchi zinazopigana ilikatika. Ilibaki njia ya Msalaba Mwekundu kupitia Geneva. Ujumbe ulikuwa na masharti: (i) usizidi maneno 25, (ii) uwe na habari za kifamilia tu, (iii) upite kwa wakaguzi wa pande zote mbili. Ulichukua miezi kufika, na jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile.

Zoezi: andika ujumbe wa maneno 25 kwa bibi yako, ukiwa shambani Kenya mwaka 1941. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya zoezi hili tu:

Tumefika salama. Mtoto anasoma. Baba ana kazi shambani. Hatujapata jibu lenu tangu Machi. Mko wapi sasa? Shangazi yuko nanyi? Andikeni upesi. Tunawapenda na kuwasubiri nyote.

Hesabu: ni maneno 25 kamili. Hakuna nafasi ya malaria, ya ukame, wala ya kumwambia bibi kwamba mjukuu wake sasa anaota ndoto kwa Kiswahili. Maswali mawili yaliyomo yanaweza yasijibiwe kamwe. Fanya zoezi hili kwa mkono wako kabla ya kuendelea na swali la 12. Atakayelifanya hatahitaji kukariri jibu.

12. Fafanua jinsi familia ya Zweig ilivyopata habari za kupotea kwa ndugu zao. (Alama 5)

Jibu: Mwaka 1941 familia ilipokea kadi kutoka kwa bibi yake Stefanie. Kadi ilisema kwamba kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda Poland. Haikutaja kambi wala kifo. Waliokuwa Kenya walielewa maana ya safari hiyo: Myahudi wa Ujerumani hakusafiri kwenda Poland kwa hiari mwaka ule. Ndugu waliobaki Ulaya hawakuonekana tena.

Pointi tano za kusahihisha: kadi, mwaka 1941, safari ya Poland, maneno ya kawaida kuficha jambo lisilo la kawaida, kutopatikana kwa habari zaidi. Pointi ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi, nayo ndiyo nzito. Kifo cha kawaida kina siku, kaburi na waombolezaji. Uchagani, Machame au Rombo, mtu akifia Dar es Salaam atasafirishwa usiku kucha ili azikwe kwenye kihamba cha baba yake. Familia ya Zweig haikuwa na mwili, haikuwa na kaburi, haikuwa na tarehe ya kukumbuka. Andika hivyo waziwazi katika karatasi yako.

13. Onesha nafasi ya Waafrika katika maisha ya familia hii. (Alama 3)

Jibu: (i) Mpishi Owuor ndiye aliyewafundisha namna ya kuishi shambani. (ii) Mtoto alijifunza lugha na desturi kwa watu wa shamba, si kwa walowezi. (iii) Uhusiano huo ulikuwa ndani ya mfumo wa kikoloni: mkimbizi asiye na haki kwao alihesabiwa Mzungu mwenye mamlaka nchini Kenya, na Owuor hakuwa na haki ya kumiliki ardhi ile. Jibu lisilo na hoja ya tatu ni pungufu.

14. Kwa nini familia ilirudi Ujerumani mwaka 1947? (Alama 2)

Jibu: Walter Zweig, aliyekuwa amelitumikia jeshi la Uingereza, alipata nafasi ya ujaji Frankfurt, kazi aliyoisomea. Alirudi kutenda haki katika nchi iliyoua ndugu zake.

15. Je, riwaya ni chanzo cha msingi cha historia? (Alama 4)

Jibu: Riwaya ya Zweig ni ya kitawasifu. Katika riwaya familia inaitwa Redlich na mtoto anaitwa Regina. Inathibitisha hisia, desturi na mazingira kwa kuwa mwandishi aliyaishi. Haithibitishi tarehe wala maneno ya mtu bila kulinganishwa na hati. Kwa hiyo itumike kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo, na itajwe kuwa ni riwaya. Anayemwita Regina Redlich "mtu wa kihistoria" anapoteza alama 2 papo hapo.

SEHEMU D: TENGERU NA SACHSENHAUSEN

16. Tofautisha wakimbizi wa Kipolandi wa Tengeru na familia ya Zweig. (Alama 6)

Jibu: Familia ya Zweig ilikimbia Ujerumani ya Wanazi, 1938, kwa sababu ya Uyahudi wake, na iliishi mashambani ikijitegemea. Wapolandi wa Tengeru walihamishwa kwa nguvu na Urusi ya Kisovyeti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Waliachiliwa baada ya mapatano ya Julai 1941, wakapita Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Tanganyika na serikali ya Uingereza. Wengi walikuwa Wakatoliki, wanawake na watoto. Wayahudi walikuwamo, lakini wachache. Tengeru ilihifadhi watu wapatao 5,000 katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, ikiwa kubwa kuliko kambi nyingine za Wapolandi Afrika Mashariki. Reli ya kwenda Arusha ilipita Moshi, kwa hiyo kituo chetu cha reli kimo ndani ya historia hii.

Kinachofanana ni kimoja: pande zote mbili zilifika zikiwa na familia pungufu.

17. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Husen, alikuwa nani, na kwa nini hahesabiwi miongoni mwa waathirika wa Kiyahudi? (Alama 5)

Jibu: Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani. Akiwa bado mtoto alitumika katika jeshi hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kutuhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu, akapelekwa Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 jina lake limo katika jiwe dogo la kumbukumbu barabarani Berlin.

Alikuwa mwathirika wa ubaguzi wa rangi wa Wanazi, hakuwa Myahudi. Mtaje kwa haki yake. Mtoto wa Tanzania anayeandika insha nzima juu ya kambi za Wanazi bila kumtaja amemsahau mtu wa kwao.

SEHEMU E: INSHA

18. "Myahudi aliyefika Afrika Mashariki kabla ya 1939 alikuwa salama, na vita haikumgusa." Jadili. (Alama 15)

Mwongozo wa jibu: Utangulizi (alama 2) ueleze nani alifika na lini. Kubali sehemu ya kauli (alama 3): hakupelekwa kambi ya maangamizi, watoto wake walisoma, na yeye alibaki hai. Pinga kwa hoja nne (alama 8): kizuizini 1939, kuvuliwa uraia 1941, kuporomoka kwa kazi na hadhi, kupotea kwa ndugu. Hoja ya ndugu ipewe aya ndefu kuliko zote, pamoja na ujumbe wa maneno 25 na kadi ya 1941. Mkimbizi alikuwa na kibali cha watu wawili au watatu, naye alikuwa na wazazi, kaka, dada, shangazi na binamu. Usalama wake haukuwa usalama wa ukoo wake. Hitimisho (alama 2) litoe msimamo: kauli si sahihi, kwa kuwa imempima manusura kwa mwili wake pekee.

19. Kazi ya mradi. Tembelea makaburi ya Wapolandi Tengeru, yaliyo katika eneo la chuo cha mifugo, na uandike taarifa ya kurasa mbili. (Alama 10)

Maelekezo: omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kuingia. Makaburi ni karibu 150. Nakili majina kama yalivyochongwa, herufi kwa herufi, pamoja na miaka. Weka alama kwenye makaburi ya watoto. Angalia alama ya dini juu ya kila jiwe. Usikadirie jina lililofutika, andika "halisomeki". Taarifa isiyo na majina hurudishwa kwa mwanafunzi bila kusahihishwa.